Namna ya Kuirudia Filamu Uipendayo Bila Kuipunguzia Nguvu

Filamu ambayo mwisho wake unaujua hukugusa kwa njia nyingine: wewe unajua kinachokuja, wahusika hawajui. Hisia hiyo ni rahisi kuivuruga, na mara nyingi huanza kuvurugika kabla hujabonyeza rimoti. Tuichukue Casablanca ya mwaka 1942 kama mfano, filamu ya Kimarekani isiyo ya rangi kuhusu wakimbizi wa vita waliokwama katika mji huo wa Morocco.

Kagua nakala kwanza. Filamu hii ina dakika 102. Ukiona kama dakika 98, huenda imeharakishwa kutoka fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde hadi 25, kama ilivyozoeleka kwenye televisheni za Ulaya. Muziki unakimbia kidogo na sauti zinaweza kupanda. Nakala iliyotiwa rangi baadaye iache kabisa. Waliopiga picha hizi walitegemea mwanga na kivuli, na huzuni ya nyuso imekaa humo.

Kwenye runinga, ingia menyu ya picha, chagua mpangilio wa sinema, kisha zima kipengele cha kulainisha mwendo. Hicho hubuni fremu ambazo hazikupigwa, na filamu huanza kufanana na matangazo ya moja kwa moja. Pau nyeusi kushoto na kulia ziache zilivyo. Ukiivuta picha ijaze kioo, nyuso zinapanuka.

Halafu usirukie kipande unachokipenda. Kosa hili ndilo baya kuliko yote. La Marseillaise, wimbo wa taifa wa Ufaransa, unaimbwa mgahawani baada ya zaidi ya saa nzima ya watu kuvumilia, kuhonga na kungoja vibali vya kuondoka. Ukiuchomoa peke yake, unabaki na wimbo mzuri tu.

Ukifika hapo, waache wahusika wakuu, mtazame Yvonne, mwanamke wa pembeni katika hadithi. Machozi yanamlenga huku anaimba, midomo inatetemeka, kisha anapaza sauti. Aliyemwigiza, Madeleine Lebeau, alikuwa Mfaransa aliyeikimbia nchi yake mwaka 1940, na wengi waliokuwa mle ukumbini walikuwa wakimbizi kweli. Kila ukirudia, chagua uso mmoja wa pembeni namna hii na uufuate hadi mwisho.

Ukiwa na mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, usimtangulizie maneno wala usimchungulie kuona kama ameguswa. Na usiirudie kila wiki, maana utaanza kuisubiri mistari badala ya kuwasikiliza watu. Sisi tungeiacha ipumzike walau mwaka.