Hilux imenyanyuliwa, sasa inakula tairi gani? Hatua kwa hatua, usinunue mara mbili kama sisi

Shemeji yangu wa Moro ana Hilux Vigo, ile ya injini ya dizeli ya 2KD, aliinyanyua inchi mbili kwa sababu ya njia ya shambani huko upande wa Matombo. Springi na shokapu mpya zikaingia vizuri, gari ikasimama kiume, halafu akaniuliza, "Shem, sasa hapa inakula tairi gani?" Nikajibu fasta kama mjuaji, 285/70R17, tukanunua nne na rimu pana juu yake. Hela ile ndo imenifundisha haya ninayoandika hapa. Natumia Hilux kama mfano coz ndo nimeishika sana, ila ukiwa na pikapu nyingine kama Ranger na D-Max, au mkonga (Land Cruiser ya kazi), hesabu ni zile zile, namba tu zinabadilika.

Hatua ya 1: Jua gari imetoka kiwandani na nini

Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko. Vigo na Revo (Hilux iliyofuata baada ya Vigo) nyingi utakuta 265/65R17, yaani upana milimita 265, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 17, kwenye rimu ya upana wa inchi 7.5, ofseti +30 (ofseti ni nini, soma Hatua ya 4). Nati sita, na duara linalopita kwenye nati hizo ni milimita 139.7. Ranger na D-Max nao ni sita kwa 139.7, na hapo ndo watu wanapigwa, maana muuzaji atakwambia "zinaingiliana hizi mkuu". Muulize tundu la katikati ya rimu ni milimita ngapi. Hilux ni 106.1, Ranger ni 93.1, kwa hiyo rimu ya Ranger haivai habu (kitovu rimu inapofungwa) ya Hilux hata uipige nyundo, na ya Hilux kwenye Ranger inavaa ila inacheza mpaka utafute ringi za kujazia katikati. Navara (pikapu ya Nissan) nyingi za nati sita duara lake ni 114.3, hizo achana nazo. Mkonga nyingi za sasa ni nati tano kwa 150.

Hatua ya 2: Gari inafanya kazi gani

Sio inaonekanaje, inafanya kazi gani. Saizi ambazo watu wa Hilux wanazungukia ni hizi, na kipenyo chake:

- 265/65R17 (ya kiwandani): milimita 776
- 265/70R17: milimita 803
- 265/75R16: milimita 804
- 235/85R16: milimita 806
- 285/70R17: milimita 831

Kama lami ni nusu na vumbi ni nusu, chukua 265/70R17 ulale usingizi. Kama unashinda kwenye tope lenye ardhi ngumu chini yake, mimi naipenda sana 235/85R16, nyembamba na ndefu, inakata tope mpaka inakuta pa kushika. Watu wanaicheka eti miguu ya korongo. Wacheke tu, watakuita uwavute. Mchanga ni habari nyingine, huko unataka upana na kupunguza upepo.

Rimu za 20 kwenye pikapu ya shamba sizielewi na sitazielewa. Ukuta wa tairi unabaki kidogo, jiwe moja tu rimu imepinda.

Hatua ya 3: Hesabu ya dakika mbili

Upana mara asilimia, mara mbili, jumlisha rimu (inchi mara 25.4). Mfano 285/70R17: 285 × 0.70 × 2 = 399, rimu 431.8, jumla 830.8. Toa 776 ya zamani, umeongeza kama milimita 54. Lakini gari inapanda nusu yake tu, 27, maana nusu nyingine iko juu ya ekseli. Na hapo kuna kitu watu hawakijui: ile difu ya nyuma haikupanda hata milimita moja uliponyanyua springi. Ulinyanyua bodi na chasi. Difu inanyanyuliwa na tairi peke yake.

Halafu spidi. 285/70R17 ni kubwa kwa asilimia 7, kwa hiyo kwa kila 50 iliyokuwa inasoma zamani sasa unatembea 53 na nusu. Kwenye kijiji cha 50 hiyo inatosha kupigwa tochi na elfu 30 ikaondoka huku unaapa kwamba dashibodi ilikuwa inasema hamsini. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, sevisi ya 5,000 kiukweli inakuwa 5,350. Kwa 265/70R17 tofauti ni asilimia 3 na kidogo, mara nyingi spidomita zenyewe zinazidisha kidogo toka kiwandani so unakuta imekaa karibu na ukweli zaidi kuliko mwanzo. Na 2KD na tairi kubwa nzito, mlimani utashuka gia moja zaidi, hilo halina dawa.

Hatua ya 4: Ofseti

Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapokaa kwenye habu. Namba ikishuka, gurudumu linatoka nje. Rimu yetu ya zamani ni 7.5 na +30, tulizonunua zilikuwa 8.5 na sifuri. Piga hesabu: ukingo wa nje wa zamani ulikuwa milimita 65 kutoka kwenye habu, mpya ni 108. Tumetoa gurudumu nje milimita 43 kila upande! Linapendeza, ndiyo. Ila bering inabeba mzigo ikiwa imevutwa, steringi inakuwa nzito na inakamata kila shimo, tope linaruka mpaka kwenye kioo cha pembeni. Rimu ya inchi 8 yenye +20 ingetosha kabisa, ingetoka nje kama 16 tu na ndani bado ikapata nafasi kidogo.

Speza, kile kipande cha kusukuma rimu nje, msinitajie. Kama unahitaji speza, ulinunua rimu isiyo sahihi.

Hatua ya 5: Jaribu tairi MOJA, gari ikiwa imebonyea, kabla hujalipa nne

Hapa ndo tulipoteza siku mbili na bering moja isiyo na kosa.

Ilikuwa hivi. Tulifunga tairi zote nne gereji, nikakata steringi hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, haigusi popote. Tukapeana mikono. Wiki ya tatu shemeji anashuka na magunia ya mahindi, ananipigia, kuna mlio mbele, ngrrr, unakuja kwenye shimo ukikata kona halafu unapotea. Fundi mmoja akasema bering. Tukabadilisha. Mlio uko pale pale. Tukashuku boljointi, tukashuku bushi, tukafungua breki tukidhani ni jiwe. Jioni ya siku ya pili nimekaa chini nakunywa maji ndo naona kwenye bega la tairi kuna mstari unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Nikaingiza mkono nyuma ya gurudumu la mbele, kile kikono cha chasi kinachobeba kona ya bodi, rangi imeshakwanguka, chuma cheupe.

Kwa nini gereji haikugusa? Kwa sababu gari ilikuwa imesimama tupu, imenyanyuka. Kunyanyua kunabadilisha mahali gari inaposimama, hakubadilishi mahali tairi inapofika springi ikibonyea mpaka mwisho. Ile raba inayozuia wishboni (mkono unaoshika gurudumu) isigonge chasi iko pale pale ilipokuwa. Kwa hiyo anayekwambia "umenyanyua inchi mbili, tairi kubwa inaingia", mwambie inaingia ikiwa imeegeshwa. Na ofseti ya sifuri ndo ikamaliza kabisa, maana gurudumu likiwa nje zaidi, ukikata kona linachora duara kubwa zaidi, bega lake linarudi nyuma kwenye kile kikono.

Sasa namna ya kupima. Azima rimu na tairi moja ya saizi unayoitaka, au mwambie muuzaji akufungie moja kwanza (akikataa, hama duka, tairi ikishavaa rimu na kukanyaga lami hakuna anayeirudisha). Njia rahisi: panda gurudumu la mbele la upande mmoja kwenye gogo au ukingo wa mtaro mpaka springi ya upande huo ibonyee sana, mtu mwingine akate steringi taratibu hadi mwisho pande zote, wewe unaangalia kwa tochi kutoka pembeni, SIO ukiwa umelala chini. Inakupa picha lakini haifiki mwisho kabisa.

Njia ya uhakika, ambayo sisi tulifanya tukiwa tumechelewa:

Nyanyua mbele, weka stendi chini ya chasi pande zote mbili, nyuma weka magogo kwenye magurudumu. Stendi, sio jeki, sio matofali. Toa shokapu na springi yake kama kitu kimoja upande unaopima. Usifungue springi yenyewe kutoka kwenye shokapu, imebanwa na nguvu yake inaua. Fungua na linki ya stabilaiza (ile fimbo inayozuia gari isilale kwenye kona), ukiiacha itakupinga na utadhani umefika mwisho kumbe bado. Funga gurudumu, kisha weka jeki chini ya wishboni ya chini, panda polepole mpaka raba iguse na ibonyee kidogo. Angalia hosi ya breki isivutike. Ufunguo uwe umefungua steringi, injini imezimwa, zungusha gurudumu kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho.

Na chaki! Paka chaki mabega yote mawili ya tairi kabla ya kuzungusha. Sisi tulichukua za mpwa wangu za shule, akalia kidogo tukamnunulia nyingine. Pale chaki inapohamia ndo panapogusa, hakuna kubishana. Kwetu ilihamia sehemu mbili: plastiki ya ndani ya madigadi nyuma, na kile kikono. Plastiki unaweza kuisogeza au kuikata, wala haiumi. Chuma cha chasi watu wanakata na kuchomelea upya, mimi kwenye gari inayobeba mzigo siwezi kumshauri mtu. Kila upande upimwe, kulia na kushoto havifanani siku zote. Na acha nafasi hata ya kidole, tope linakaa humo.

Mwisho wa hadithi: tuliuza zile 285 na rimu zake kwa hasara, tukatoa rimu za kiwandani stoo zilikokuwa zimefunikwa magunia, tukazivisha 265/70R17. Chaki ikagusa plastiki kidogo upande wa kushoto, tukaisogeza na skurubu moja. Basi.

Hatua ya 6: Tairi yenyewe

Angalia namba ya mzigo ubavuni. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni 1,250, 121 ni 1,450. Usishuke chini ya ile ya kibandiko. Zenye LT mwanzoni (tairi za magari ya mzigo) zina ubavu mgumu, nzuri kwa mawe, ila zinataka upepo zaidi ya ulioandikwa mlangoni na gari tupu itakurusha rusha. Tarehe: namba nne za mwisho baada ya DOT, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "mpya" yenye miaka sita stoo, mwachie mwenyewe.

Hatua ya 7: Kufunga

Nati. Toyota nyingi za rimu za alumini zinakuja na nati yenye washa bapa, rimu za kununua karibu zote zinataka nati ya koni. Ukichanganya, inakaza leo inalegea kesho. Kaza kwa msalaba, rudia baada ya kilomita 100 hivi. Alaimenti baada ya kila kitu, sio kabla.

Spea nayo inunue saizi ile ile. Ukifunga spea ndogo nyuma, difu inazunguka muda wote kufidia tofauti, na ukiweka 4x4 kwenye lami ndo unaiua. Ila pima kwanza kama inaingia chini ya bodi kwenye mnyororo wake. Ile 285 ya shemeji haikuingia vizuri, ikaishi kule nyuma imefungwa kamba, na safari moja ya sokoni ilirudi na mbuzi amelala katikati ya rimu, hatoki.