Kuvuna joto la maji taka lipashe maji ya kuoga ya ploti nzima

Nairobi hakuna mtu anapasha sebule, hata Julai ikibaridi tunavaa sweta maisha yanaendelea, kwa hivyo ukisikia Vancouver kule False Creek joto la maji taka linapasha nyumba za mtaa mzima tangu 2010, usikopi kila kitu. Kazi yetu sisi ni maji ya kuoga tu.

Anza na hesabu. Kupasha lita 1,000 za maji digrii moja kunakula yuniti 1.16. Sema fleti 40, kila moja lita 100 za moto kwa siku, hizo ni lita 4,000, kutoka digrii 20 mpaka 60 unahitaji yuniti kama 186. Shawa za stima zingelipa zote. Pampu ya joto (mashine inayofanya kazi kama friji, inahamisha joto badala ya kulitengeneza) ikifanya kazi vizuri inatoa yuniti tatu za joto kwa moja ya stima, yaani unalipa 62 hivi (pampu za kusukuma maji bado) na zile 124 zingine zinatoka kwa maji taka. Ukiyapunguza digrii tano unahitaji lita elfu 21 na kitu kila siku, na ploti moja ya fleti 40 inaweza kosa kufikisha, so ongea na majirani mapema.

Kujua unatoa ngapi, soma mita ya maji asubuhi na jioni wiki nzima, halafu toa ya kuosha magari na maua. Soma pia siku za mgao, maana bomba likikauka na joto limeisha, hapo ndio watu wengi watajipiga chenga. Joto pima kwa themomita yenye kamba ukiwa juu, na tafadhali usiingize mtu ndani ya manholi, ile gesi inaua fundi kabla aseme kitu.

Toa maji kwa laini yako mwenyewe kabla hayajafika ya umma, ya umma ni ya kampuni ya maji na bila ruhusa yao ni kesi. Yapite kwa wavu kwanza (nywele, wipesi, mafuta ya chapo, yote yako huko), yaingie tangi la chini lenye kifuniko kisichovuja harufu, ndio yaende kwa kibadilisha joto, kile kifaa kinachopitisha joto ukutani bila maji kuchanganyika. Nunua kile cha kuta mbili, kikitoboka maji taka yasiingie ya kuoga. Hapo usibanie pesa.

Kama bado mnajenga, maji ya bafu yapewe paipu yake mbali na ya choo. Yanatoka na joto zaidi na hayana uchafu mwingi, mimi ningefanya hivyo tu.

Usivute joto kupita kiasi pia, mabwawa ya kusafisha maji taka kule Ruai yanategemea bakteria, na bakteria wakipata baridi wanazembea.

Tangi la moto likae digrii 60, likipoa sana lejionela (bakteria wa maji wanaoleta nimonia) inazaliana, halafu weka valvu ya kuchanganya moto na baridi, maji yasichome watoto. Funika paipu zote za moto, zile za kwa rufu zikiachwa uchi mnapasha hewa ya Nairobi bure. Kila fleti iwe na mita yake ya maji moto, na keretaka aoshe ule wavu kila siku, sio akikumbuka.