Makrame imerudi: bangili ya shanga kwa fundo moja tu

Wale wa miaka ya 1970 wanaijua makrame, yaani ufundi wa kutengeneza vitu kwa kufunga kamba mafundo, enzi hizo ilikuwa vining'inizo vya vyungu vya maua na mabundi ya kamba ukutani, na kabla ya hapo mabaharia walikuwa wanajifungia mafundo hayo hayo melini kupoteza muda. Sasa imerudi kwenye bangili na vikuku na ukishajua fundo moja tu unatoka.

Kwanza shanga, hapa ndo wengi wanapigwa. Usinunue kwa uzuri, angalia tundu! Nyuzi mbili zinatakiwa zipite kwa pamoja, kwa hiyo zile ndogo za kioo za Kimaasai kwa uzi wa milimita 1 hazipiti kabisa, chukua za mbao, mfupa au shaba. Nenda dukani na kipande cha uzi wako ujaribu pale pale, muuzaji akinuna shauri yake.

Kata nyuzi mbili za sentimita 50, hizi ni za katikati, halafu mmoja mrefu wa sentimita 180. Za katikati zibane mezani kwa selotepu, acha kama sentimita 18 juu, pitisha ule mrefu chini yake mpaka pande zilingane. Sasa wa kushoto ulaze juu ya zile za katikati, wa kulia uje juu ya mkia wa huo wa kushoto, uzame chini ya za katikati, utokee kwenye kitanzi kule kushoto, vuta. Kisha rudia ukianzia kulia, hapo fundo limekamilika. Ukianzia kushoto kila mara kazi inajisokota kama ngazi ya mnara, nayo inapendeza ila iwe umeamua mwenyewe.

Mafundo manne matano, vika shanga kwenye zile za katikati, isukume juu ibane, zungusha nyuzi za pembeni kila upande wake, funga fundo chini yake. Endelea hivyo mpaka sentimita 13 hivi.

Kumaliza, uzi wa nailoni kata mikia ya pembeni uichome kidogo na kiberiti, wa pamba weka gundi maana huo unaungua tu hauyeyuki. Mikia ya katikati ipishanishe, ifunge pamoja kwa kipande kingine cha sentimita 30 kwa fundo lile lile, mara tano hivi, usikaze sana ili iteleze, halafu piga kifundo kila ncha isichomoke.