Fyuzi ya taa ya gari ikiungua kila ukibadilisha, weka balbu mahali pake

Nimeunguza fyuzi nne za taa za nyuma ndo nikaonyeshwa hii. Acha kumaliza fyuzi, chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge waya mbili, chomeka kwenye matundu ya ile fyuzi inayoungua. Kwanza lakini toa balbu zote za laini hiyo, hata ile ndogo ya namba ya gari (hiyo ndo watu husahau), halafu washa swichi ya taa. Balbu yako ikiwaka kwa nguvu zote ujue shoti ipo, yaani waya imechubuka inagusa chuma, kwa sababu moto (umeme) unapita kwenye balbu unaenda moja kwa moja bodi ya gari, na balbu yenyewe inazuia usizidi kama ampea 2 hivi, kwa hiyo waya haziungui na wewe una muda wa kutafuta. Sasa anza kuchomoa soketi moja moja na kutingisha waya, hasa zinapopita kwenye bawaba za buti na mpira wa mlango maana hapo ndo zinachubuka, balbu ikizima tu, hapo hapo ulipogusa ndo penyewe. Gari la volti 24 tumia balbu ya 24. Haisaidii kama shoti inakuja gari likitembea tu au mvua ikinyesha, utaangalia balbu imezima wee mpaka uchoke. Na usije ukaweka fyuzi kubwa zaidi eti isiungue, hapo itaungua waya.