Jinsi ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kutoka KIA hadi Amsterdam

Umbali wa ndege hupimwa juu ya mviringo wa dunia, kwa hiyo rula iliyowekwa juu ya ramani ya ukutani itakudanganya. Ukipata tufe la darasani, kaza uzi kutoka KIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro) hadi Amsterdam, kisha uulaze uzi huo juu ya ikweta na uhesabu digrii zake. Utapata kama 62, na kwa kuwa kila digrii ni takriban kilomita 111, umbali unakuwa karibu kilomita 6,900. Ndege kubwa ya abiria huenda kilomita 850 hivi kwa saa. Gawanya, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka, nawe utapata muda wa saa 8 na nusu angani bila kutua.

Ukilazimika kuunganisha ndege, pima kila kipande peke yake. Kupitia Addis Ababa kunaongeza kama kilomita 200 tu, kwa sababu mji huo uko karibu kaskazini moja kwa moja, ilhali kupitia Doha kunaongeza zaidi ya 1,500. Hata hivyo, mara nyingi kinachorefusha safari ni saa za kusubiri kiwanjani, na hizo huonekana kwenye tiketi pekee.

Tiketi nayo ina mtego wake, kwani huandika saa za mahali ndege ilipo. Uholanzi, iliko Amsterdam, iko nyuma yetu Tanzania kwa saa 2, isipokuwa kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambapo tofauti ni saa 1. Tuchukue mfano wa Julai: tiketi inayosema 23:00 kuondoka na 06:30 kufika inaonyesha saa 7 na nusu, lakini ukiongeza ile saa 1 unapata 8 na nusu.

Hatari zaidi ni safari za baada ya saa sita usiku. Tiketi iliyoandikwa Jumamosi 01:15 ni saa saba na robo usiku wa kuamkia Jumamosi, hivyo ni lazima uondoke nyumbani Ijumaa jioni. Anayejiandaa kwa Jumamosi usiku atakuta ndege ilishaondoka usiku uliotangulia.

Mwisho, hesabu barabara. KIA iko katikati ya Arusha na Moshi, nawe utakunja Njia Panda ya KIA. Usiichanganye na kiwanja kidogo cha Kisongo. Kutoka Arusha, tenga saa 1 na nusu, maana foleni ya Tengeru na Usa River haina adabu, kisha uwe kaunta saa 3 kabla ya ndege kuruka. Kwa ndege ya 23:00, yaani saa tano usiku, ondoka mjini saa kumi na mbili na nusu jioni.