Kuuza kamera kuukuu ya sanduku mtandaoni ukiwa Nakuru

Kwanza tuelewane kuhusu pesa. Kamera za sanduku, hasa Brownie za Kodak, zilitengenezwa kwa mamilioni. Ya kwanza ilitoka mwaka 1900 ikiuzwa dola 1, ili hata mtoto aweze kuimiliki. Kwa hiyo ile uliyoikuta darini kwa babu huenda isifike hata dola 30, na nauli ya posta yaweza kuipita bei yenyewe. Mimi huuza chache kwa mwaka. Faida yangu hutoka kwenye vikorokoro ambavyo wengi huvitupa.

Hatua ya 1: Weka kiwi kando

Kamera yangu ya kwanza niliinunua kwa mzee mmoja wa Njoro. "Chukua, kijana wangu, hapa inakula vumbi tu." Ngozi yake bandia ilikuwa imepauka, nami nikaipaka rangi nyeusi ya viatu hadi ikang'aa kama kiatu cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Mnunuzi wa Ujerumani alipoipokea, harufu ikamfikia kabla hajaitoa kwenye karatasi. Akairudisha. Pesa zake nikarudisha zote, na nauli ya kwenda na kurudi nikabeba mimi.

Mkusanyaji ananunua uzee. Futa vumbi kwa brashi laini na kitambaa kikavu, basi. Kutu iache, mikwaruzo iache.

Hatua ya 2: Chungulia kabla ya kufungua

Nyuma pana kidirisha kidogo chekundu. Ukiona namba pale, ndani mna filamu. Usifungue! Zungusha ule ufunguo wa pembeni unaovuta filamu polepole hadi namba ziishe na karatasi nayo iishe, ndipo uitoe gizani na kuifunga kwa foili, ile karatasi ya alumini. Wapo wanaotafuta filamu za zamani ambazo hazijasafishwa. Lakini hizo huenda ni picha za harusi au matanga ya watu, kwa hiyo mimi humrudia aliyeniuzia nikamuuliza kama anazitaka.

Ukiwa tayari kufungua, vuta ule ufunguo wa pembeni utokeze nje kwanza. Ukilazimisha bila kuuvuta, utapasua sehemu ya ndani, ambayo mara nyingi ni kadibodi au mbao nyepesi.

Sasa tafuta spuli tupu, kile kigurudumu cha kuzungushia filamu. Kama kamera inatumia filamu ya 620 (namba hiyo ni aina ya filamu), spuli hiyo ni mali. Kodak iliacha kutengeneza 620 mwaka 1995, na wanaopenda kupiga picha kwa kamera hizi huchukua filamu ya 120, yenye upana uleule, wakaihamishia kwenye spuli nyembamba ya 620. Bila spuli hawafiki popote. Itaje kwenye tangazo na uipige picha peke yake.

Hatua ya 3: Ijue jina lake

Soma mkanda wa kushikia na kila maandishi ya ndani. No. 2 Brownie ilianza 1901 na ndiyo iliyoleta filamu ya 120, ambayo hadi leo inauzwa. Sema hivyo, kwa sababu mnunuzi atajua anaweza kuitumia. Angalia pia kama ilitengenezwa Marekani au Uingereza. Ukibahatika kupata Beau Brownie ya miaka ya 1930, ile yenye uso wa rangi mbili na mistari ya kijiometri, usiiuze haraka. Ya kijani au ya waridi ni adimu kuliko nyeusi.

Hatua ya 4: Jaribu shata

Shata ni kile kilango cha ndani kinachofunguka kuruhusu mwanga. Fungua nyuma, elekeza kamera angani, bonyeza kitufe cha shata huku ukichungulia kutoka nyuma. Mwanga unapaswa kumeta mara moja. Kisha mulika lensi kwa tochi kutoka ubavuni. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni ukungu, yaani kuvu. Kamera zinazotoka Kisumu huwa nao zaidi, na sishangai, ule unyevu wa ziwa.

Hatua ya 5: Piga picha, andika ukweli

Picha kumi, asubuhi, karibu na dirisha: pande zote sita, ndani, lensi, maandishi, na kila kasoro kwa karibu. Kisha andika kasoro hizo mwanzo wa maelezo. "Kioo cha kutazamia kimepoteza mng'ao wake, shata inafanya kazi, mkanda umekatika." Mtu aliyeambiwa mapema harudishi kitu.

Hatua ya 6: Bei na posta

Kwenye eBay, angalia bei za zilizouzwa. Zile zinazoombwa ni ndoto za wauzaji. Pima uzito pamoja na katoni kabla ya kutangaza: chini ya kilo 2 huenda kama kifurushi kidogo. Ukiuza nje ya eBay na malipo yakiingia PayPal, unaweza kuyahamishia M-Pesa.

Ukiulizwa kuhusu sheria ya Kenya ya mambo ya kale, inahusu vitu vya kabla ya mwaka 1895. Brownie zote ni changa kuliko hapo.

Jaza magazeti yaliyokunjwa kila pembe ya katoni, itikise, ikilia ongeza. Andika "kamera kuukuu" na bei halisi kwenye fomu ya forodha. Risiti ipige picha hapohapo kaunta, maana wino wake hufifia kabla mzigo haujafika.