Kabla hujalipia kapeti, likunje

Ukiwa dukani, kunja kona ya kapeti, manyoya yakiwa upande wa nje. Ukiona kitambaa cha chini waziwazi katikati ya nyuzi, liache. Nyuzi hizo zitalala mapema tu kwenye njia ya kupita. Pitisha na kiganja: jipya hutoa manyoya kidogo, ila yakijaa mkononi, tafuta lingine.

Chai ya maziwa ikimwagika, usisugue jamani! Kandamiza kwa kitambaa cheupe kikavu, ukianzia ukingoni mwa doa kwenda katikati, kisha maji baridi kidogo, ukandamize tena.

Na sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, tusilitandike juu ya sakafu iliyopigwa deki kabla haijakauka kabisa. Unyevu ukinaswa chini, ile harufu ya ukungu haitoki kirahisi.